Unakula kwa njaa au kwa mawazo? Uzi wa kugongagonga, hakuna chai ya kukata tumbo inayouzwa humu

Mama Relini (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye ule mjadala wa humu wa nyama uzembe, yaani mafuta ya tumboni na kitambi, watu waliishia kugombania limao na tangawizi, nani anywe asubuhi, nani anywe usiku. Kila mtu alitaja cha kula na cha kuacha. Lakini humu ndani hakuna asiyejua kwamba chipsi zege ya saa nne usiku na soda baridi haimfai. Anajua, na bado akishuka kituoni anajikuta mbele ya kabati la kioo anasema "weka na mishkaki miwili". Mimi nataka tuongelee hapo, kati ya kushuka kituoni na kufika kwenye kabati, na mbinu ya kujigonga kwa vidole sehemu fulani za mwili hamu ya kula inapopanda.

Naratibu kikundi cha mazoezi cha akina mama huku Tabata. Jumamosi alfajiri tunatoka, wa kukimbia anakimbia, wa kutembea anatembea, tunagusa Barabara ya Mandela tunarudi. Tuna muuza vitenge wa Kariakoo, walimu, mama lishe, keshia, na wengine wako nyumbani. Ukikaa nao baada ya zoezi ukawauliza mwili ulianza kuongezeka lini, hawaanzi na chakula. Huyu anaanza na mwaka aliofiwa na mama yake. Huyu anaanza na mume aliyehamia kwa mchepuko. Mwingine anaanza na mkopo wa kausha damu, marejesho kila jioni, mtu na daftari lake amesimama mlangoni. Chakula kinakuja kutajwa mwishoni, tena kwa sauti ya chini.

Mwenzetu mmoja ambaye ni mshauri nasaha ndiye aliyetuletea mbinu hii. Kwa Kiingereza wanaiita EFT, kifupi cha Emotional Freedom Techniques. Mizizi yake ni Marekani: mwanasaikolojia Roger Callahan wa California ndiye aliyeanza kuwagongesha wagonjwa wake wa hofu, miaka ya 1980. Kisha Gary Craig, mtu aliyesomea uinjinia Stanford na wala si daktari, akaja kuirahisisha miaka ya 1990. Callahan alikuwa na mpangilio tofauti wa kugonga kwa kila tatizo. Craig akasema hapana, mzunguko mmoja kwa yote. Hao wenyewe walieleza kwamba unagusa njia za nguvu za mwili zilezile za tiba ya sindano ya Wachina. Hilo la njia za nguvu nitalirudia maana najua kuna watu wameshaanza kukunja sura.

Inafanyika hivi. Hamu ikikupanda, kaa chini, jiulize ina ukali kiasi gani toka sifuri mpaka kumi. Usifikiri sana, namba ya kwanza inayokuja ndiyo hiyo. Kisha kwa vidole viwili au vitatu vya mkono mmoja gonga ubavu wa kiganja cha mkono mwingine, ile sehemu yenye nyama chini ya kidole kidogo, huku unasema tatizo lako jinsi lilivyo na kumalizia kwa kujikubali. Mfano: "Ingawa nimechoka, bosi kanidhalilisha, na nataka kula mpaka nisahau, bado mimi ni mtu wa maana." Useme mara tatu. Baada ya hapo unapita mwilini: mwanzo wa nyusi karibu na pua, pembeni mwa jicho kwenye mfupa, chini ya jicho, kati ya pua na mdomo, kidevuni, chini ya mfupa wa mtulinga, ubavuni chini ya kwapa pale mkanda wa sidiria unapopita, unamalizia utosini. Kila sehemu gonga mara tano hadi saba hivi, taratibu, si kujipiga. Ukigonga unataja kwa ufupi kinachokusumbua: "hii hasira", "yale maneno ya bosi", "hii hamu". Ukimaliza vuta pumzi, jiulize tena namba. Ikiwa bado iko juu, rudia.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosa, na ndiyo sababu nimeandika huu uzi badala ya kuwapa video ya mtandaoni. Wanagongea chipsi. "Hii hamu ya chipsi, hii hamu ya chipsi." Inashuka kidogo inagoma. Kulikuwa na mama mmoja kwenye kikundi, ana duka la vipodozi, hamu yake ilikuwa tisa, ikaja sita, ikakaa hapo kama imepigiliwa. Mshauri akamuuliza, leo dukani kulitokea nini? Akasema hakuna. Akaulizwa tena, taratibu. Ndipo akasema wale watu wa mkopo walikuja wawili, wakasimama mbele ya wateja, mmoja akasema kwa sauti, "Mama, hela za watu ulikuwa unazitafuna mwenyewe au na mumeo?" Wateja wakatoka. Yeye akafunga duka mapema, akapita genge la maandazi.

Basi wakaacha maandazi, wakagongea ile aibu. Wakataja sauti ya yule kijana, macho ya mteja mmoja anayemfahamu, joto lililompanda shingoni. Alilia, akanyamaza, akapiga miayo kama mtu aliyekesha. Alipoulizwa ile hamu, akasema tatu. Na sitaki mtu aseme nimeleta ushuhuda wa miujiza: yale maandazi alikula, mawili, mengine akawapa watoto. Deni liko palepale. Kugonga hakulipi deni. Lakini siku ile aibu ilishughulikiwa kama aibu, haikupelekwa tumboni.

Karibuni kwa maswali. Wenye matusi pia karibuni, ila yawe na hoja.

Kipanga wa Sinza

Mkuu kwa heshima zote. Yaani nijigonge usoni kama nafukuza mbu halafu kitambi kiondoke? Nchi hii tumeshauziwa maji ya upako, bangili za sumaku, mikanda ya kutetemesha tumbo. Leo ni vidole vyangu mwenyewe. Angalau hivi ni bure. Leta ushahidi, siyo hadithi ya mama wa vipodozi.

Tabibu wa Mitishamba Asili

Karibuni wote wenye shida ya uzito, tuna unga maalumu unakata hamu na kusafisha utumbo, kilo saba kwa wiki moja bila mazoezi. Njoo PM.

Mama Relini

Mods, kichwa cha uzi kinajieleza. Naomba msaada hapo juu.

Kipanga, swali lako ni la haki. Kuna mtafiti wa Australia, Peta Stapleton wa Chuo Kikuu cha Bond, amefanya kazi nyingi kwenye eneo hilihili la hamu ya chakula. Utafiti uliochapishwa 2011 ulichukua watu wazima 96 wenye uzito mkubwa, wakagawanywa: wengine wakaanza wiki nne za kugonga, wengine wakaambiwa wasubiri zamu yao. Waliogonga hamu yao ilishuka kuliko waliosubiri, na walipofuatiliwa miezi sita baadaye nafuu ilikuwa ipo. Baadaye akailinganisha na tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na mienendo, ile inayotumika sana na wanasaikolojia, matokeo yakawa yanakaribiana.

Upande wa pili nao niuseme, maana usiposemwa hapa utasemwa na wewe. Kwanza, Stapleton mwenyewe ni mwalimu wa mbinu hii, siyo mtazamaji wa pembeni. Pili, kumlinganisha mtu anayehudumiwa na mtu anayesubiri foleni ni kipimo laini. Mtu yeyote akisikilizwa wiki nne atajisikia afadhali. Tatu, na hii ndiyo kubwa: mwaka 2003 watafiti wa Kanada walichukua wanafunzi wa chuo 119 wenye hofu zao mbalimbali, wakawagawa makundi manne. Kundi moja likagonga sehemu zinazofundishwa. La pili likagonga sehemu za uongo mkononi. La tatu likagonga mwanasesere. La nne likapewa kazi ya kukunja karatasi kutengeneza midoli. Makundi yote matatu ya kugonga hofu ilipungua. Hata waliogonga mwanasesere! Wakunja karatasi hawakupata kitu.

Kwa hiyo mimi siamini habari za njia za nguvu, na sifundishi hivyo kwenye kikundi. Ninachoamini ni kwamba ukilitaja jambo linalokuuma kwa jina lake, kwa sauti, huku mikono na pumzi vina kazi ya kutuliza, jambo lile linapungua makali. Na kuna dakika kumi zimepita hujafika kwenye kabati la kioo. Hizo dakika kumi kwangu ndiyo tiba yenyewe.

Kipanga wa Sinza

Sasa kama mwanasesere anatosha, si nikae tu nipumue?

Mama Relini

Kaa upumue mkuu, sina ugomvi. Kuna utafiti wa 2012 wa Mmarekani Dawson Church, naye ni mhamasishaji wa mbinu hii, walipima kotisoli, ile homoni ya msongo, kwa watu 83. Waliogonga kwa saa moja ilishuka kama asilimia 24. Walioachwa wapumzike tu nao ilishuka, karibu asilimia 14. Kwa hiyo hata kukaa tu kuna chake. Shida ni kwamba mtu mwenye hasira ukimwambia "kaa upumue" hakai. Mikono inataka kushika kitu, na kitu cha karibu ni chakula. Kugonga kunaipa mikono kazi.

Nesi Mstaafu

Mwanangu Mama Relini, nimesoma yote, umeandika kwa adabu. Naomba niongeze ya kwetu wa hospitali kabla watu hawajaanza kugongea kila kitu.

Mtu mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, akipata njaa ya ghafla, mikono inatetemeka, jasho jembamba, moyo unadunda, asikae kujigonga! Hiyo sukari imeshuka. Anywe soda yenye sukari au maji ya sukari mara moja, mengine yafuate. Nimeona watu wakizimika kwa kudhani ni wasiwasi.

Pili, kuna dawa zinaongeza hamu ya kula, zikiwemo za jamii ya steroidi na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Ukiona ulianza kula sana baada ya kuanza dawa fulani, rudi kwa aliyekuandikia, usiache mwenyewe. Na usingizi: mtu anayelala masaa manne tu kwa usiku mzima, mwili wake kesho yake unadai chakula, hasa vitamu. Wanaoamka saa kumi kuwahi daladala toka Mbagala na Chanika wananielewa.

Tatu. Kuna kula kupita kiasi ambako ni ugonjwa kamili. Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani umeuweka peke yake kwenye orodha. Dalili zake ni mtu kula chakula kingi sana kwa muda mfupi, anahisi hawezi kujizuia, anakula haraka, kwa kujificha, kisha anajichukia. Na hali hiyo inamtokea angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Huyo, na yule anayejitapisha baada ya kula, asibaki na uzi wa mtandaoni. Muhimbili kuna idara ya afya ya akili, na hospitali za rufaa za mikoa ni mahali pa kuanzia. Kwenda kliniki ya akili siyo kwamba umekuwa kichaa. Hili nimelisema miaka yote ya kazi na bado watu wananificha.

Na msidhani ni tatizo la wachache. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri. Mijini ndiko kuzito zaidi.

Mama Relini

Shikamoo mama. Nashukuru sana, hasa hilo la sukari kushuka. Nimelinukuu nimelipeleka kwenye grupu letu la WhatsApp.

Dogo wa Buza

Mimi boda. Asubuhi natoka na chai kavu, mchana napiga kinywaji cha kuongeza nguvu na andazi, hela ya bosi lazima ifike. Usiku nikirudi nakula ugali kama wa watu watatu na bado natafuta. Mke ananicheka. Nigongee nini?

Mama Relini

Mdogo wangu, wewe usigonge kitu. Wewe una njaa. Mwili umenyimwa mchana kutwa, usiku unadai deni lake lote. Tafuta wali maharage wa mama lishe saa saba mchana, hata nusu sahani, na maji. Fanya hivyo kwanza. Usiku ukijikuta umeshiba na mkono bado unatafuta, rudi hapa.

Hili naomba wote walishike kwa sababu watu wanaopenda mambo ya hisia, mimi nikiwemo, tunaweza kumtafutia mtu kidonda cha utotoni kumbe hajala mchana. Njaa ya tumbo inakuja polepole na inakubali chochote, hata kiporo. Njaa ya mawazo inakuja ghafla na ina jina: inataka chipsi, inataka keki, inataka ile korosho ya pale Mwenge, ukiipa ndizi ya kuchemsha inakasirika. Siyo sheria ya mahakamani lakini inasaidia kujikagua.

Mtumishi K

Bwana asifiwe. Nina wasiwasi na asili ya hivi vitu. Mambo ya nguvu za mwili za Kichina, si ndiyo milango ya mapepo tunayoonywa? Mkristo anaruhusiwa?

Ukhty Mikocheni

Hata kwetu hilo swali liliulizwa kwenye darasa la akina mama. Mimi nikasema, nagusa uso wangu mwenyewe na kusema nina huzuni. Wapi hapo nimemshirikisha Mola na kitu? Sisi tunamalizia kwa dua badala ya ile kauli ya kujikubali. Ila nilitaka kuuliza la Ramadhani: futari imeshapita, nimekula tende, uji, viazi, samaki, na bado naendelea mpaka daku. Hiyo ni njaa au mawazo?

Mama Relini

Mtumishi, kwenye kikundi wapo walokole, Wakatoliki na Waislamu. Wa kusali anasali, wa dua anaomba dua, vidole vinaendelea. Na ambaye moyo wake haukubali haimlazimu, yupo dada mmoja anatembea tu uani mizunguko huku anaongea na Mungu wake, naye hamu inamshuka.

Ukhty, usiku wa futari kaa ujisikilize dakika moja tu baada ya uji. Kwa wenzetu wengi tuligundua kinachowatafunisha ni uchovu. Mama kafunga, kapika vyungu vinne, kahudumia wageni, kaosha vyombo, wote wamelala, sasa ndiyo muda wake peke yake, na starehe pekee iliyobaki macho ni sambusa. Huyo ukimgongesha "ingawa nimechoka na hakuna aliyesema asante", utashangaa machozi yanavyotoka. Na baada ya machozi aongee na watu wa nyumbani kwake kuhusu vyombo. Vidole havioshi vyombo.

Chausiku

Mimi nimejaribu jana usiku. Naandika kwa ID mpya maana ile nyingine inafahamika.

Nililelewa kwa shangazi. Chakula kilikuwa kinafungiwa kabatini. Sisi wa kuletwa tulikuwa tunapewa cha mwisho, na ukichelewa umekosa. Mpaka leo nakula haraka, na nikiona chakula kingi lazima nijaze, hata harusini, mume wangu anaona aibu. Jana nilianza na "hii hamu ya kujaza sahani", nikapita chini ya jicho, nikaona lile kabati, hadi komeo lake nililiona. Nililia mpaka nikashindwa kupumua vizuri. Usiku sikulala. Je, hii ndiyo inavyotakiwa? Niendelee leo?

Mama Relini

Mdogo wangu, pole sana. Leo usiendelee. Naomba unisikilize kama dada yako.

Vitu vya jana na leo, bosi, foleni, maneno ya wifi, hivyo unaweza kuvigongea mwenyewe chumbani. Lakini kumbukumbu ya utotoni ya njaa na kunyimwa inahitaji mtu wa kukaa na wewe, mtu aliyesomea, ambaye akiona pumzi inakata anajua namna ya kukurudisha. Hata hao walioianzisha mbinu waliweka taratibu za kutosogea moja kwa moja kwenye jambo zito. Ikikushika tena leo bila kuitafuta, acha kugonga kabisa. Kanyaga sakafu kwa miguu mitupu, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona chumbani, nawa uso kwa maji baridi, mwamshe mume. Umwambie kuhusu lile kabati. Inawezekana hajui.

Nimekutumia PM namna ya kumpata yule mshauri wetu, halipishi wa kikundi.

Nesi Mstaafu

Chausiku mwanangu, usingizi ukikosekana siku mbili tatu, au ukiona moyo unakata tamaa ya kuishi, usisubiri mshauri, nenda hospitali iliyo karibu. Na pole. Wengi tuliolelewa kwa ndugu tunalijua hilo kabati.

Chausiku

Nimesoma. Mume nimemwambia asubuhi. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema ndiyo maana. Nimejibu PM.

Shemeji wa Taifa

Mimi naona mnakwepa jambo moja. Mji huu wenyewe unalisha watu kwa nguvu. Ukikonda unaulizwa unaumwa nini, ukinenepa unaambiwa ndoa imekukubali. Msibani usipokula pilau umewadharau wafiwa. Ukweni ukikataa kuongezwa umemtukana mama mkwe. Huko nako mtu atajigonga mbele ya wakwe?

Mama Relini

Hahaha, shemeji umenipata. Ukweni hujigongi, utapelekwa kwa mtaalamu ukaaguliwe.

Lakini kuna namna ya siri. Mkono mmoja chini ya meza unabonyeza ubavu wa kiganja cha mwingine, maneno unayasema moyoni. Au weka kiganja kifuani chini ya mtulinga kama mtu anayesikiliza kwa heshima, vidole vinagonga polepole. Kwenye mwendokasi saa kumi na mbili jioni huwezi hata kuinua mkono, lakini kidole gumba kinaweza kugusa kucha za vidole vingine kimoja kimoja. Na kwa mama mkwe, kinachosaidia ni sentensi iliyoandaliwa toka nyumbani: "Mama, nimeshiba, naomba unifungie nikale kesho." Hakuna mama mkwe wa Dar aliyewahi kukasirika kwa kuombwa kufunga chakula. Unaondoka na heshima yako na kiporo.

Huo mzigo wa kusifiwa unene na kutukanwa kwa unene uleule, siku hiyohiyo, na watu walewale, ndio tunaougongea zaidi kwenye kikundi kuliko kitu kingine. Dada kaambiwa "umejaa vizuri" asubuhi na "bonge" na kondakta jioni.

Kipanga wa Sinza

Nimerudi. Nilikuwa ufukweni Coco, pale kwenye mihogo na pweza, nimetoka kazini nina hasira na mtu. Nikasema ngoja nifanye upuuzi wa yule mama. Nikagonga ndani ya gari, vioo vimepanda. Nilianza na mihogo kama mjinga, halafu nikakumbuka umesema tutaje jambo lenyewe. Nikataja jina la huyo mtu mara kadhaa, pamoja na maneno ambayo mods watayafuta.

Mihogo nilikula. Sahani moja, na nilikuwa nakwenda kwa nia ya sahani mbili na soda. Sijui ni kugonga au ni kwamba nilitukana vizuri. Bado naona maelezo ya nguvu za mwili ni porojo.

Mama Relini

Tuko pamoja kwenye porojo. Na kutukana ukiwa peke yako ndani ya gari, vioo vikiwa juu, sina pingamizi nako.

Mwalimu wa Zamu

Mama Relini, swali la vitendo. Tufanye kabla ya kula au baada? Na ni lazima kila siku? Halafu mizani, tupime kila wiki?

Mama Relini

Kabla ya kula, pale hamu inapopanda, ndipo kazi yake kubwa. Ukiwa umeshakula na sasa unajilaumu, gongea lawama, maana kujilaumu usiku ndiko kunakoleta "potelea mbali" ya kesho yake asubuhi. Wengine wanafanya mzunguko mmoja jioni kabla ya kutoka kazini, wanashusha ya siku nzima wakiwa bado ofisini, kisha ndiyo wanapanda gari. Kwa wanaopita Kariakoo kuelekea nyumbani hiyo ndiyo ninayoipendekeza, kwa sababu ukishafika kwenye harufu ya mishkaki namba huwa iko juu tayari na vidole vinachelewa.

Mizani mimi nawaambia waiweke uvunguni kwanza. Mtu akianza kugonga ili kilo zishuke, kila asipoona kilo anapata sababu mpya ya kula. Andika tu kwenye daftari: saa ngapi hamu ilikuja, nini kilitangulia, namba ngapi, ulifanya nini. Ukilisoma lile daftari mwisho wa mwezi utakuta jina la mtu mmoja limejirudia, au saa moja ileile, au siku za kodi ya nyumba. Leta hilo tuliongee.